Kadi za Mwero, Mpiga Chapa wa Magunia

Mwero Mangi alipiga chapa magunia ya sukari pale Ramisi kwa miaka kumi na tisa. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: gunia likishashonwa mdomo hulazwa sakafuni, yeye huchovya muhuri wa mti katika wino mzito mweusi, huukandamiza kwa kiganja, huuegemea kidogo kwa kiwiko, kisha gunia huenda zake na jingine huletwa. Mihuri aliichonga mwenyewe kwa kisu kifupi. Herufi za muhuri huchongwa kinyume ili zikipigwa zitoke sawa, na kwa kuwa shule alikwenda miaka miwili tu, Mwero aliyasoma maneno yaliyogeuzwa kwa wepesi kuliko yaliyonyooka. Mkewe, Dama, alikuwa akimtania: ukitaka Mwero aisome barua upesi, muonyeshe kwenye kioo.

Kwao kulikuwa bara, upande wa Kinango, kwa wafuga mbuzi. Alishuka pwani akiwa kijana kukata miwa. Karani mmoja alipoona jinsi alivyounakshi mpini wa panga lake, akamtoa shambani akamtia stoo. Mwero alishukuru, kwa sababu stoo hakukuwa na haja ya kusema.

Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Neno lilimkwama kooni, shingo ikamsimama mishipa, macho yakamtoka, na aliyekuwa akimsikiliza akaona haya kwa niaba yake akatazama pembeni. Hata jina la mkewe lilimshinda. Alimwita kwa kupiga makofi mawili, naye Dama akaitika kama aliyeitwa kwa jina lake kamili.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1963, binti yao wa pekee, Mbeyu, aliyekuwa na umri wa miaka minane, alianguka kutoka juu ya mkorosho akavunjika paja. Wakamlaza hospitali ya Msambweni, katika wodi ya wanawake, mguu umefungwa kamba iliyopita juu ya kigurudumu na kuvutwa na kiloba cha mchanga. Daktari akasema wiki kumi na mbili, wala asijigeuzegeuze.

Dama alikwenda kila alipoweza. Mwero alikwenda Jumapili, siku yake ya mapumziko, kwa baiskeli. Kengele ya wageni ilipolia saa nane mchana, wodi nzima ilijaa maneno: nani kaoa, nani kafiwa, mbuzi wa nani kaingia shambani kwa nani. Kitandani kwa Mbeyu kulikuwa kimya. Mwero alikaa juu ya kigoda, amemshika mwanawe kidole gumba cha mguu ule mzima, akimtazama. Alimpenda sana, na Mbeyu alilijua hilo. Lakini mtoto aliyelazwa chali wiki nenda wiki rudi hutaka kusikia jambo.

Tarehe kumi na mbili Desemba nchi ikapata uhuru. Pale Ramisi bendera ilipandishwa katika uwanja wa mpira, watu wamevaa nguo zao za sikukuu, na bendi ya tarumbeta nne imesimama mbele. Bendera ilipoanza kupanda, mbuzi mmoja mkubwa wa kahawia akakata kamba alikofungwa, akaingia uwanjani mbio, akapita katikati ya bendi, na mpiga tarumbeta mnene kuliko wote akalala chali huku bado anapuliza. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mwero alitokwa na machozi kwa kicheko, na papo hapo akawaza: hii nitampelekea Mbeyu.

Jumapili ile akafika wodini mapema. Mbeyu alikuwa akimngoja.

"Shikamoo, Baba. Mama ameniambia ulikwenda kuiona bendera. Ilikuwaje?"

Mwero akafungua kinywa. "Be-be-be..." Akanyamaza, akavuta pumzi, akaanza tena. "M-mbu..." Neno likakwama. Uso ukamvimba. Wageni wa vitanda vya jirani wakageuka, na mmoja wao akacheka, kisha akajitia kukohoa. Mwero akafunga kinywa.

Mbeyu akamshika mkono. Kisha akasema kwa upole, kama anayesema na mdogo wake, "Basi, Baba. Utaniambia nikirudi nyumbani."

Kicheko cha yule mgeni Mwero alikuwa amekizoea. Upole wa mwanawe ndio uliomuuma. Alirudi Ramisi akikanyaga baiskeli polepole, na njia nzima akawa anamuona yule mbuzi. Aliona jinsi alivyoinamisha pembe. Aliona tarumbeta ikielekea mbinguni. Yote yalikuwemo ndani yake, yamepangana sawasawa, hayana mlango wa kutokea.

Kesho yake alipotoka kazini akachukua muhogo mmoja mbichi jikoni, akaumenya, akaukata vipande, akavifuta utomvu kwa kitambaa.

"Baba Mbeyu," akasema Dama, "huo ndio chakula chetu cha jioni."

Mwero aliendelea na kisu. Alikwisha kuchonga katika kipande cha kwanza mtu mdogo, kichwa, mikono na miguu. Akakichovya katika wino wa magunia aliokuja nao ndani ya kopo, akakipiga juu ya ukuta wa udongo. Mtu akatokea. Akakipiga tena, na tena. Watu watatu wakasimama ukutani wamepangana mstari. Dama akasogea.

"Ni kina nani hao?"

Mwero akachonga kipande cha pili. Safari hii alikawia zaidi, kwa sababu ya pembe. Alipokipiga mbele ya wale watu watatu, Dama, ambaye naye alikuwepo uwanjani siku ile, akapiga kelele: "Mbuzi!"

Tangu hapo akawa upande wake. Walichukua boksi la shati wakakata karatasi ngumu, wakaikunja katikati ikawa kama jalada la daftari. Nyekundu na kijani ya bendera wakaipata kwenye rangi za kutilia ukili wa mikeka, ambazo Dama alikuwa nazo kidogo. Nyeusi ilikuwa ya magunia, na nyeupe ilikuwa ya karatasi yenyewe. Gundi ilikuwa uji wa muhogo uliopikwa mzito. Kilichokosekana ni pambo la kuifanya iwe kadi ya Krismasi na si karatasi ya boksi. Mwero akatazama sanduku la nguo la mkewe. Ndani ya kifuniko chake kulikuwa kumebandikwa karatasi ya maua, waridi jekundu na majani, tangu siku aliyoletwa nalo kwa mumewe.

Dama akaliona jicho lake lilipotua.

"Bandua," akasema. "Maua hayo nimeyatazama peke yangu miaka kumi. Na mwanangu naye ayatazame."

Jumapili iliyofuata, siku tatu kabla ya Krismasi, Mwero akamkabidhi Mbeyu ile kadi. Nje ilikuwa na ukanda wa maua pembeni, na nyota tano za rangi nyekundu. Mbeyu akaifungua. Ndani kulikuwa na mlingoti na bendera, na kuuzunguka kulikuwa na watu, pengine arobaini, wote ni muhuri mmoja. Katikati yao alikuwa mbuzi. Na mbele ya mbuzi kulikuwa na mtu mmoja aliyepigwa chapa ubavu, miguu juu.

"Baba, huyu mbona amelala?"

Mwero akaweka ngumi mdomoni, akavimbisha mashavu kama apulizaye.

"Ni mpiga tarumbeta! Amepigwa na mbuzi! Mbele ya bendera?"

Mwero akatikisa kichwa kukubali, naye Mbeyu akacheka mpaka kiloba cha mchanga kikaanza kupembea na muuguzi akaja mbio. Muuguzi naye akaonyeshwa. Kadi ikapokezanwa kitanda kwa kitanda, huku Mbeyu akipaza sauti kutoka pale alipolala, akiwaeleza watu kila kitu kana kwamba yeye ndiye aliyekuwepo. Alipokosea, Mwero alimgusa akamwonyesha kwa kidole. Mara moja alikosea jambo kubwa, akasema mbuzi alikuwa mweusi.

"Wa ka-ka-kahawia," akasema Mwero.

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wakitaka kujua yaliyoendelea.

Kwenye kitanda cha pili kutoka kwa Mbeyu alilala mwanamke wa makamo kutoka Munje, Bi Mwanarusi, mjane mwenye duka la leso na vikorokoro, aliyepasuliwa jipu la mgongo. Aliishika kadi akaigeuza mbele na nyuma, akapitisha kidole juu ya maua.

"Baba Mbeyu," akasema, "mimi Krismasi si sikukuu yangu, na wewe wajua. Lakini hapa nimelala siku ishirini sijaletewa ila uji na dawa. Nitengenezee na mimi moja."

"Na mimi," akasema mwanamke wa kitanda cha tatu.

"Na mie usinisahau!"

Mwero alikubali kwa kichwa kabla hajavihesabu vitanda. Alipovihesabu vilikuwa ishirini na sita. Krismasi ilikuwa Jumatano, na yeye Jumatatu na Jumanne yuko kazini mpaka saa kumi jioni.

Bi Mwanarusi, aliyezoea biashara, akaiona hesabu ile machoni mwake. "Usitunge hadithi nyingine," akasema. "Kadi ya haraka ina ukanda, ina pambo moja, ina neno moja, basi. Pita dukani kwangu Munje, mwambie binti yangu akupe karatasi za maua za kutandikia rafu. Ziko kunjo mbili na hakuna anayezinunua. Na akupe na rangi za ukili."

Mwero akasita. Akaonyesha kwa mkono vitanda vya upande huu, kisha vya upande ule: nusu ya wodi ilikuwa Waislamu. Sasa aandike nini?

Bi Mwanarusi akamfahamu. "Andika AFYA. Hilo halina msikiti wala kanisa. Sote humu tumelifuata hilo hilo."

Mwero akatabasamu, kwa sababu fundi ndani yake alikuwa ameshaliona neno lile. Herufi nne, na katika hizo A na Y hazibadiliki hata ukizigeuza. Ni F peke yake ya kuchongwa kinyume. Hakuna neno jepesi kuliko hilo kwa mwenye haraka.

Jumatatu alasiri wakatandika mkeka mbele ya nyumba, yeye na Dama. Dama ndiye aliyeipanga kazi. Kwanza walikata karatasi zote ngumu, kisha wakazikunja zote, kisha wakazipaka uji zote na kubandika ukanda wa maua upande wa kushoto, upana wa vidole vitatu. Hawakumaliza kadi moja ndipo waanze nyingine. Kila hatua waliipitisha kwa kadi zote kwanza, kama magunia. Wakati ukanda unakauka, Mwero akachonga mihuri mitatu: nyota, pambo la korosho lile la pembe za leso, na AFYA. Jumanne wakapiga chapa. Dama alishika rangi nyekundu, Mwero kijani. Kadi za wagonjwa Wakristo aliongeza chini KRISMASI NJEMA kwa herufi ndogondogo. Muhogo ukianza kulainika wakakata mwingine. Magharibi haijaingia, kadi ishirini na sita zilikuwa zimesimama juu ya mkeka kama vijibanda, zinakauka.

"Mikono yangu imekuwa kama ya bibi arusi," akasema Dama, akiitazama ile rangi nyekundu kwenye vidole.

Jumatano, baada ya ibada, wakaenda pamoja Msambweni kwa basi. Mwero alitembea kitanda kwa kitanda. Alimpa kila mtu kadi yake kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Kulikuwa na mwanamke mmoja wa bara, Kanze, aliyelala pembeni kabisa karibu na dirisha, ambaye tangu alazwe hakuna mtu aliyemjia, kwa kuwa kwao ni mbali. Aliipokea kadi akaitazama kwa muda mrefu.

"Nani kaniletea?" akauliza.

"Mimi," akasema Mwero. Neno lilitoka lenyewe.

"Basi kaa kidogo," akasema Kanze. "Mgeni haondoki hivi."

Mwero akakaa. Hakusema tena, wala Kanze hakumuuliza kitu. Aliendelea kumsimulia habari za ng'ombe wa kaka yake na ukame wa mwaka ule, na Mwero, mtoto wa wafuga mbuzi, alielewa kila kitu.

Mbeyu alirudi nyumbani mwezi wa Januari, anachechemea kidogo, na mpaka leo huchechemea mvua ikikaribia. Ni yeye aliyenihadithia haya, na mengine alinihadithia mamake.

Tangu mwaka ule kila Desemba Mwero akapeleka kadi wodini. Habari zikasambaa. Mwaka 1966 zilifika Diani, kwenye hoteli moja ya wazungu iliyokuwa na mabanda ya makuti kando ya bahari. Thoya, aliyesali kanisa moja na Mwero na aliyefanya kazi ya kuhudumia mezani kule, akaja siku ya mapumziko yake na ujumbe.

"Mama Hoteli ameiona kadi yako kwangu," akasema. "Anataka sitini, wageni wake wawapelekee jamaa zao Ulaya. Lakini anataka ziwe na hii." Akatoa kadi ya dukani iliyochapwa kiwandani: kanisa dogo, mti wenye ncha, na juu ya vyote weupe mtupu.

Mti ulikuwa rahisi, kwani Mwero aliufananisha na mvinje, na mivinje imejaa pwani nzima. Weupe ndio uliomshinda. Akauwekea kidole.

"Theluji," akasema Thoya. "Mimi sijaiona. Wageni wanasema yaanguka kutoka juu, nyeupe, jua likiipiga inameta."

Mwero akafikiri. "Ka-kama sukari."

"Haswa! Kama sukari."

Mwero alinunua sukari dukani. Akapiga chapa kanisa na mivinje, akapaka uji mwembamba juu ya paa na juu ya matawi, akanyunyiza. Ilipokauka ikang'aa. Dama alisema hajaona kitu kizuri kama kile, na majirani walikuja kutazama. Kadi sitini zikapangwa ndani ya kasha, kasha likawekwa juu ya meza, kungoja Jumamosi, siku ya kuzipeleka.

Jumamosi asubuhi Mwero akaenda kulichukua kasha. Safu ya sisimizi ilipanda mguu wa meza, ikaingia kasha upande mmoja, ikatoka upande wa pili, na kila sisimizi aliyetoka amebeba punje nyeupe kichwani. Akafungua. Theluji ya kadi sitini ilikuwa imekwisha. Palipokuwa na theluji palibaki madoa ya uji, rangi ya chai.

Mwero akaketi chini.

Dama alikuja, akaona, akaziba mdomo. "Nitakwenda mimi," akasema baadaye. "Nitamwambia umeugua, atungoje wiki moja."

Mwero akatikisa kichwa kukataa. "Si-siumwi."

Akakaa pale pale chini akiwatazama wale sisimizi. Walikuwa wamejipanga vizuri, hawasukumani. Akaokota kijiti cha kiberiti, akakichovya katika wino, akachukua kadi moja iliyoharibika, akapiga nukta tatu zilizoshikana. Sisimizi. Akapiga mwingine nyuma yake, na mwingine, mpaka safu ikashuka kutoka juu ya paa la kanisa, ikauzunguka mvinje, ikapotelea ukingoni mwa kadi. Juu ya kila sisimizi akaacha kijidoa cheupe. Dama akachungulia juu ya bega lake. Akaenda akakusanya rangi, kisu, mihogo miwili na kikopo cha uji akavitia kikapuni. Wakateremka Ukunda kwa basi, wakatembea mpaka Diani.

Mama Hoteli alikuwa mwanamke mrefu mwenye sigara, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazungu wa mashambani.

"Wewe nachelewa," akasema. "Kadi iko wapi?"

Mwero akasimama mbele yake na kasha. "Si-si-si..."

"Si tayari? Kadi napotea?"

Mwero akatikisa kichwa kukataa.

"Mtu naiba?"

Dama akasogea ili aseme, lakini Mwero akainua kiganja. Akainua kile kile kiganja kuelekea kwa Mama Hoteli pia, kumwomba angoje. Ilichukua muda. Mpishi alitoka jikoni akasimama. Thoya alisimama na sinia.

"Sisimizi," akasema Mwero, "wa-wamekula theluji."

Kisha akampa ile kadi. Mama Hoteli akaitazama, akaisogeza karibu, akaifuata ile safu kwa ukucha kutoka kanisani mpaka ukingoni. Sigara ikamtoka mdomoni. Alicheka hata akashika nguzo.

"Hii!" akasema. "Yote! Yote fanya kama hii!"

Wakapewa meza kwenye baraza ya nyuma, karibu na chumba cha kufulia. Madoa ya uji yalikuwa mengi mno kufichwa na sisimizi peke yao, basi Dama akauliza kama hakuna karatasi ya maua. Ilikuwepo, ya kutandikia droo za vyumba vya wageni, yenye majani ya buluu na ndege wadogo. Dama akakata paa za kanisa kwa karatasi ile, sitini, akazibandika juu ya madoa, na mikanda ya chini akaibandika vivyo hivyo. Mwero akafuatisha sisimizi. Saa sita mchana wageni wakaanza kupita kutazama. Mzee mmoja mwenye kofia ya majani aliomba apige sisimizi mmoja kwa mkono wake. Alipopewa kijiti hakutaka kukirudisha, na baada yake wakaja wengine, na Dama akalazimika kuwapanga foleni. Sisimizi wa mzee yule wengine walikuwa na nukta nne. Saa ya chai haijafika, kazi ilikuwa imekwisha.

Mama Hoteli alimlipa vizuri, na akamtaka zaidi ya hapo: aache magunia, awe anakaa barazani kila siku, wageni wamwone akipiga chapa. Mwero akaomba kufikiri. Wiki iliyofuata akapanda basi akaenda kumjibu mwenyewe, ingawa Thoya alijitolea kulipeleka jibu. Alimwambia, kwa muda aliohitaji, kwamba Desemba atakuja, lakini kadi akizifanya kila siku zitakuwa magunia. Mama Hoteli hakufurahi, ila Desemba iliyofuata alimwita tena.

Kigugumizi hakikumtoka Mwero. Wala usidhani alikuwa msemaji uzeeni. Kilichobadilika ni kwamba alizoea kuinua kile kiganja, na watu wakazoea kungoja. Krismasi ya mwaka 1971, katekista wa kambi ya wafanyakazi pale Ramisi aliugua koo, akamwomba yeyote asome mistari saba ya kuzaliwa kwa Bwana. Hakuna aliyejitokeza. Mwero akasimama. Dama aliishika leso yake kwa mikono miwili, na Mbeyu, aliyekuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni, akatazama miguu yake mwenyewe.

Alisoma. Mahali pengine alisimama mpaka watu wakasikia kuku nje. Jina la mji lilimkwama mara tatu. Hakuna aliyemsaidia neno, wala aliyekohoa, na alipofika mwisho alifunga kitabu akarudi kwenye benchi lake, shati limeloa mgongoni.

Ibada ilipokwisha, bikizee mmoja asiyejulikana kwa kusifu watu alimsimamisha mlangoni.

"Kila mwaka huisoma mbio mbio kama wafukuzwao," akasema. "Leo nimesikia kila neno."

Mwero akamshukuru kwa kichwa. Halafu wote watatu wakaenda nyumbani, ambako Dama alikuwa ameacha wali wa nazi juu ya makaa na kuku wawili, na wakala mpaka Mbeyu akalegeza mshipi wa gauni lake.